Nilimzungusha Mwanza Nzima Akimtafuta Baba Yake, na Baba Yake Yuko Ndani Kwangu

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa Magu, naishi Kirumba na mume wangu. Kazi yangu ni kutembeza wageni wanaotaka kuujua mji kwa upande wa starehe: bendi gani inapiga wapi, singeli iko wapi, wapi mwanamke anaweza kukaa peke yake asisumbuliwe. Hiyo elimu sikuipata darasani. Mume wangu alipiga gitaa kwenye bendi za hapa miaka mingi, tena kwa mkono wa kushoto, na mimi nilimfuata kila kona. Ndiyo maana wanamuziki wote wananiita shemeji.

Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Upande wa kulia umekufa, maneno yamebaki machache. Namwogesha, namlisha, namgeuza, na silalamiki, maana huyu mwanaume alinisitiri. Tumeoana miaka kumi na tisa, mtoto hatuna. Ndugu zake walipoanza kunisema kwamba kazi yangu ni kujaza choo tu, alisimama mbele yao wote akasema, "Mwacheni mke wangu. Hospitali wameniambia mimi ndiye sizai." Wakanyamaza mpaka leo. Na mimi niliamini. Nilimpenda kwa maneno yale kuliko nilivyompendea gitaa.

Sasa mwezi uliopita alinipigia binti wa miaka ishirini na nne kutoka Bukoba, nimwite Koku. Anataka Jumamosi nzima nimzungushe kwenye muziki wa bendi. Nikampokea. Mchangamfu, ana adabu, shikamoo hazimwishi mdomoni. Tukaanzia baa moja ya ufukweni saa kumi jioni, bendi ndiyo kwanza inafunga vyombo. Akaagiza sato, hakumgusa. Akatoa picha kwenye pochi.

"Anti, samahani, sikukwambia ukweli. Mimi hata kucheza sijui. Namtafuta baba. Mama kabla hajafariki aliniambia baba alikuwa mpiga gitaa huku Mwanza. Nikiwa mdogo alikuja Bukoba mara mbili kuniona, halafu akapotea."

Nikaiangalia picha. Mume wangu, kijana, nywele kichwani, gitaa kaligeuzia kushoto. Jamani, nilitegemea moyo upasuke. Wala! Ilikuwa kama ganzi ya kung'olewa jino, unajua kuna kitu kinatoka ila husikii. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Simfahamu. Twende tukaulize."

Ningeweza kumrudisha hotelini nikadai naumwa. Sikufanya hivyo, nilimwongoza kwa miguu yangu. Mpiga drams aliitazama picha, akanitazama mimi, nikatikisa kichwa kidogo tu. Akasema, "Sura ngeni hii." Baa ya pili ilikuwa Kirumba, dakika tano kutoka kwangu. Huko simu zilikuwa zimeshatangulia, si mnawajua wanamuziki kwa umbea! Walikataa hata binti hajafungua pochi. Kila mmoja alidhani ananisaidia. "Karibu shemeji!" "Shemeji umeadimika!" Koku akaniuliza, "Anti, mbona wote wanakuita shemeji?" Nikamwambia hapa kila mwanamke ni shemeji. Akacheka. Alikuwa anapigapiga meza kufuata muziki, kwa mkono wa kushoto.

Saa tatu usiku tukawa ukumbi wa mwisho. Kuna mwimbaji mzee pale, ndiye aliyesimamia ndoa yetu. Huyo aliishika picha muda mrefu.

"Mjukuu wangu, huyu akipiga gitaa watu walikuwa wanasahau bia zao. Siku hizi hapigi."

"Yuko wapi, babu?"

Mzee akanigeukia. "Muulize huyo uliyekuja naye. Yeye ndiye anayejua njia zote za mji huu."

Koku akanitazama. Nikasema, "Sikutaka kukuumiza, mwanangu. Alishafariki."

Alinilalia begani akalia mpaka gauni likalowa. Nikawa nampigapiga mgongoni, sisikii chochote. Mzee aliinuka akaondoka bila kuaga, na mpaka leo hapokei simu yangu. Nikamfikisha binti hotelini, nikarudi nyumbani, nikakoroga uji, nikamlisha mume wangu. Katikati ya kunywa akanyoosha mkono wake mzima, akanigusa bega.

"Mvua?" akauliza.

Nikamwambia, "Eeh, mvua."

Asubuhi Koku alipanda basi. Wakiwa wanavuka daraja pale Busisi alinitumia ujumbe wa kunishukuru. Jumapili iliyofuata akaniandikia kwamba amemwekea baba yake misa, na jina limesomwa kanisani pamoja na marehemu wengine. Saa hiyo marehemu alikuwa anakula ugali na dagaa niliomchambulia mwenyewe.

Mtaniuliza kwa nini. Binti huyu akiingia mlangoni, ukoo mzima utajua tasa ni mimi. Na yule mgonjwa, daktari alishasema mshtuko mwingine hauvuki. Hizo ndizo sababu ninazojipa. Najaribu kumkasirikia mume wangu, hasira hazitoki. Sijui alidanganya ili anisitiri mimi au ili amkwepe mwanawe, na hana tena maneno ya kunieleza. Sijalia hata siku moja. Nafua, napika, nazungusha wageni, nacheka nao.

Jana usiku Koku kaandika tena: "Shikamoo anti. Wajomba zangu wamekubali. Mwezi ujao tunakuja na saruji kumjengea baba kaburi. Tunakutegemea wewe utuonyeshe lilipo."

Sijajibu. Naandika hapa nimekaa pembeni ya kitanda, redio inapiga bendi za zamani, na yeye vidole vya kushoto vinachezacheza juu ya shuka. Wanakuja kweli, jamani, na mimi ndiye mwenyeji wao. Nishaurini, niwapeleke wapi?