Kamba ya Madirisha Mawili

Mama Dobi alifua nguo za watu katika mji ule wa kale tangu ujana wake, na hakuwahi kuusifu hata siku moja. Ngazi zilimuua magoti. Maji yalitoka yanapojisikia. Vichochoro vilikuwa vyembamba hivi kwamba wanene wawili wakikutana, mmoja arudi alikotoka. Jua nalo halikufika chini, ndiyo maana alianika juu, kwenye kamba iliyotoka dirishani kwake ikavuka kichochoro hadi kwa jirani, mama mmoja mwenye mdomo aliyebandikwa jina la Redio. Huyu avute huku, yule avute kule, huku wakigombana kutwa.

Basi mwanawe wa pekee akamjengea nyumba nje ya mji. Nyumba hasa, si mchezo: ua mpana, maji ndani, jua tele. Mama alilia kwa furaha, akahama.

Wiki haikwisha. Nguo zilikauka upesi, kisha akabaki anatazama ukuta. Watu husema mazoea yana taabu, lakini hili lilizidi mazoea. Siku moja mwana akiwa kazini, mama akajitwika beseni na kuingia mitini, moja kwa moja hadi chumba chake cha zamani, ambacho, mjanja huyo, hakuwa amekirudisha kwa mwenye nyumba.

Redio hata hakumsalimu. "Umenenepa," alisema kutoka dirishani. "Haya, vuta."

Jioni mwana akafika, uso ameukunja. Mama akaiachia kamba. Kijana alikuwa amejinyima miaka kwa ajili yake, angemwambiaje asimuumize?

"Mama, nyumba ina kasoro gani?"

"Haina, baba. Mungu akuzidishie."

"Sasa hapa kuna nini? Nitajie kitu kimoja tu."

Mama akafikiri. Ngazi? Hizo alizilaani asubuhi ile ile. "Majirani," akajaribu, "ingawa huyu wa mbele ni balaa."

"Nimekusikia," likajibu dirisha la pili.

Mama akaangua kicheko hadi akashika mbavu. "Sijui, mwanangu," akasema akijifuta machozi. "Ila kule sijacheka hata mara moja."

 Mwana akatoa simu, akampigia mkewe.

"Mama harudi," alimwambia. "Jumapili usipike. Tutakula kwake."