Samaki wa Ubaoni Ng'ambo ya Mto

Kina Kestilä walikuwa wawili, Oiva na mdogo wake Veikko, na hakuna kati yao aliyeoa. Walizaliwa katika nyumba ileile ya ukingoni mwa Mto Kemi, ujanani wakasukuma pamoja magogo yaliyoelea mtoni kwenda kiwandani, na wakazeekea humo humo. Mimi naendesha gari la duka, nauza nyumba kwa nyumba upande ule. Miaka yote niliyowauzia mkate na kahawa, sikuwahi kuwasikia wakiambiana zaidi ya "Maziwa yamekwisha" na "Haya." Hawakuwa wamegombana. Ndivyo walivyokuwa tu.

Veikko alifariki majani yalipokuwa yakipukutika. Oiva akabaki na redio, na soseji alizozila wima karibu na jiko, maana kuandaa meza kwa mtu mmoja aliona ni kujisumbua. Mwezi wa pili akaanguka mlangoni pake akiondoa theluji. Moyo. Nesi akamwambia soseji sasa basi, ale samaki.

"Nipe samoni," akaniambia gari liliposimama.

"Kipande kiasi gani?"

"Ubavu mzima."

"Mzee Oiva, huo ni wa watu wanane! Umepata wageni?"

"Ubaoni hakichomwi kipande. Kinakauka."

Hilo alilijua vizuri. Enzi za magogo, vijana wote mtoni walikuwa wakimwachia yeye kazi hiyo. Huupigilia ubavu kwenye ubao kwa vijiti alivyochonga mwenyewe, ngozi ikilalia mbao, kisha huusimamisha ubao kando ya moto, si juu yake, ili joto liingie taratibu na mafuta yachuruzike. Lakini Oiva siku zote alikuwa wa samaki, na Veikko wa moto. Safari hii kila alipokwenda bandani kuleta kuni, upepo uligeuka nyuma yake, na mkia ukaungua. Akala hivyo hivyo. Kesho yake akala tena, wa baridi. Alipochoka akawatupia kunguru uani, akasimama dirishani kuwatazama wakigombania.

Wiki iliyofuata nikamshauri ampelekee Sylvi nusu. Sylvi Alakärppä ni mjane, fundi cherehani wa zamani, anayekaa ng'ambo ya mto.

"Simjui," Oiva akasema.

"Humjui vipi, na moshi wa nyumba yake unauona kila asubuhi?"

"Moshi naujua."

Hata hivyo Jumamosi alikwenda. Jua la mchana lilikuwa kali, na barafu ya mtoni bado nene. Aliufunga ubao na samaki wake ndani ya blanketi, akauweka kwenye sleji ya kuburuta thelujini, akaivuta kwa kamba, akipumzika kila pumzi ilipomkatika. Yaliyotokea kule alinisimulia Sylvi mwenyewe.

Alimfungulia mlango kabla hajabisha.

"Hatimaye! Ingia, shemeji, unaniingizia baridi."

"Shemeji? Tangu lini?"

"Tangu Veikko alipoanza kuja hapa kila Jumamosi."

"Jumamosi Veikko alikuwa akienda kutega nyavu."

"Na wewe uliwahi kuona samaki?"

Oiva akafikiri. Hakuwahi.

Wakakaa mezani. Samaki alikuwa bado vuguvugu, rangi ya dhahabu pembeni, laini katikati. Sylvi akaonja, akafumba macho.

"Aliniambia hakuna anayekuweza mto mzima. Nilidhani anatia chumvi, kama kawaida yake."

"Aliniongelea mimi?"

"Aliongelea kila kitu! Yule hakuwa na breki. Alikuwa akimwigiza mchungaji, akiimba, akicheka mpaka anakohoa. Usiku nilikuwa namfukuza ili nipate kulala."

Oiva akaweka uma chini. "Veikko wetu?"

"Kuna mwingine?"

"Mbona nyumbani hakusema neno?"

"Alidhani wewe unapenda kimya."

"Mimi nilidhani ni yeye anayekipenda."

Hapo, Sylvi aliniambia, mzee hakulia. Alikuwa akiitazama tu mikono yake, kana kwamba ameiazima. Alimaliza chakula chake chote kwa adabu, akashukuru, akachukua ubao wake. Sylvi alimfuata kwa macho kutoka dirishani. Katikati ya mto Oiva alisimama, akiwa amempa mgongo, akakaa hapo muda mrefu mpaka Sylvi akaanza kuvaa viatu, akiogopa ni moyo tena. Kisha akaendelea na safari.

Akarudi Jumamosi nyingine, na nyingine, akimwomba Sylvi arudie yale yale: Veikko alisema nini, aliimba wimbo gani. Halafu barafu ikaanza kulainika. Ni majuma ambayo mtu wa mto hana njia ya kuvuka, barafu haimbebi na mashua haipiti. Na daraja liko mbali, naye gari hana.

Nilimkuta akinisubiri barabarani.

"Bado ubavu mzima?" nikamuuliza.

"Bado."

Nikampa samaki wake. Hakuondoka. Alikuwa akitafuta kitu kinywani, mtu angedhani ni mfupa.

"Na wewe," akasema, "leo umekula nini?"

Kwa miaka yote ile hakuwahi kuniuliza chochote. Nikamwambia nimekula mkate na jibini, hapa hapa kwenye usukani.

"Hicho si chakula."

"Najua. Lakini wapo wengine wananisubiri huko mbele, mzee wangu."

Akaitikia kwa kichwa, akaelewa. Nilipogeuza gari nikamwona kwenye kioo akipiga magoti kwenye theluji iliyochafuka ya uani, akipuliza moto aliokwisha kuuwasha, kwa upande mmoja, kisha akiinuka kwa shida na kuuzunguka apulize kwa upande wa pili, peke yake kwenye kazi ya wawili.