Neno Moja Nililolielewa

Nacheka sasa, lakini siku ile nilitamani theluji inifukie.

Nilikuwa na wiki mbili tu Stockholm, na digrii ya falsafa na fasihi kutoka chuo kidogo cha kwetu Kenya. Ofisi moja ya tafsiri ikaniita kwenye usaili. Barua ilikuwa ya Kiswidi, na mwishoni iliandikwa: “Kl 9 samtal, kl 10 fika.” Moyo ukayeyuka. Kumbe huku mgeni hukaribishwa kwa lugha yake! Nifike saa nne.

“Nikusomee?” aliuliza Shangazi, mwenyeji wangu pale mtaa wa Akalla.

“Nimeelewa, Shangazi.” Mtu na digrii yake asomewe barua?

Asubuhi ya usaili theluji ilidondoka polepole kama unga unaochekechwa, nami nikatembea nikielea, tayari nina meza yangu na dirisha langu. Saa nne kamili nikaingia. Watu wanane walikuwa wameizunguka meza yenye kahawa na maandazi ya mdalasini. Nikajua ndilo jopo. Sikungoja kuulizwa, nikawahutubia kwa Kiingereza.

“Tuajirini sisi wa vyuo vidogo! Darasani tulikuwa kumi tu, na mwalimu hakuturuhusu kulipita neno kabla ya kuuliza maana yake.”

Mkuu wao, mama mwenye mvi, aliweka kikombe chini taratibu.

“Samtal ni mazungumzo. Tulikungoja saa tatu,” akasema. Kisha akaninyooshea andazi. “Na hii, kahawa na kitafunio, ndiyo fika.”