Damu ya Kichanga Iliyosomeka Kama ya Mtu Mzima

Nilipelekwa Sumbawanga kwa miezi sita, na haya yalinikuta nikiwa huko mwaka wa tatu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Maduka ya Mazwi, katikati ya mji, yalijaa redio na mitumba, na miradi ya utafiti ilikuja na mashine ambazo chuoni hatukuwahi kuziona. Ya kwetu ilipitisha seli za damu moja moja mbele ya mwanga wa leza. Niliyefundishwa kuiendesha nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo kila barua yangu ya kuomba uhamisho ilijibiwa vilevile: subiri apatikane mwingine.

Mume wangu alikuwa Iringa. Mimi niliishi Katandala kwa dada yake, muuguzi wa wodi ya wazazi. Asubuhi tuliongozana hadi hospitali, yeye akaenda wodini, mimi nikajifungia kwenye chumba ambacho dirisha lake lilizibwa kwa nailoni ili upepo usiingize vumbi. Kutwa nzima sikujua kama nje kuna jua au mvua.

Tulipima damu za akina mama na watoto waliozaliwa siku hiyo. Tulitafuta seli T, askari wa mwili. Kuna zilizo changa, ambazo hazijakutana na ugonjwa wowote, na kuna zenye kumbukumbu, zilizokwisha kupigana. Nilizitia dawa mbili za rangi: zile changa zikang'aa kijani, zenye kumbukumbu nyekundu. Kwa kichanga, kioo cha kompyuta huwa karibu chote kijani. Kwa mtu mzima rangi huchanganyika.

Siku moja chupa iliyoandikwa mtoto ilionyesha nyekundu tele. Nikaosha mashine, nikatia dawa upya, nikapima tena. Vilevile. Nikajitoa damu yangu mwenyewe nione kama dawa zimeharibika. Ikasomeka kama ilivyopaswa. Ndipo nikapima chupa ya mama yake. Ilikuwa kijani mtupu.

Chupa zilikuwa zimebadilishwa majina, na mwandiko niliujua. Ulikuwa wa wifi yangu.

Jioni nilimkuta jikoni akisonga ugali wa ulezi. Nikamweleza.

Hakugeuka. "Siku ile nilizalisha watano, niko peke yangu," alisema. "Andika mashine imekosea."

"Wifi, mashine haikukosea."

"Nani mwingine anaijua? Ukisema imekosea, imekosea."

Alisema kweli, na hapo ndipo nilipobanwa. Kule kazini hapakuwa na mtu wa kunisaidia kuamua, na nyumbani nililala chumba kinachopakana na chake. Nilifikiria kumpigia mume wangu simu, nikaona nitamtia kati ya dada yake na mkewe.

Kesho yake nilimpelekea daktari wa mradi picha zote tatu: ya mtoto, ya mama, na ya damu yangu. Nilimwambia chupa zimebadilishwa, na kwamba wodi ile haifai kuachiwa mtu mmoja. Mama aliitwa kutoka Milanzi, akaja na mwanawe mgongoni, wakatolewa damu upya. Mara hii ya mtoto ilikuwa kijani, ya mama imechanganyika.

Wifi yangu alipewa onyo, na baada ya wiki mbili wodi ikaongezewa muuguzi. Hilo la pili hakulihesabu. Aliendelea kuniwekea chakula mezani, lakini asubuhi alianza kutoka mapema, nikawa natembea peke yangu.

Daktari alinishukuru mbele ya wenzangu. Nikatumia nafasi hiyo kumkumbusha barua yangu ya uhamisho.

"Dada," alisema kwa upole, "baada ya hili, nitakuachiaje uondoke?"

Nikaitikia, nikarudi kwenye chumba cha mashine, nikafunga mlango. Nilikaa miaka miwili mingine.