Mkono Mrefu wa Papa

Juzi tulimwosha papa, baba yangu, kabla ya mazishi, na mimi ndiye niliyeshika mkono wake, mrefu ajabu toka kiwiko mpaka kiganja. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu bandarini, kando ya mto, katika harufu ya samaki wa moshi, mimi naye tukiangushana mikono juu ya kreti ya bia.

"Ukinishinda, kesho tutaenda wote Yanonge na mutumbwi," alisema.

Nikaulaza mkono wake. Tonton, mdogo wake, akacheka: "Mukono murefu hivi, na mutoto anakushinda?"

"Bon, murefu iko muzito kusimamisha," papa akajibu. "Yake iko mufupi, iko na nguvu."

Nilimwamini. Sasa najua ufupi husaidia kidogo tu. Alijiachia ashindwe, maana alitaka mwenzake wa safari. Asubuhi ya siku iliyofuata niliogopa mto, nikajificha kwa jirani. Papa alingoja, akaita mara mbili, akaondoka peke yake. Hakuniomba tena.