Visigino Havifiki Chini

Nilitoka kwa dada yangu Jumamosi asubuhi, yeye akiwa ameenda sokoni, nikiwa na magongo mawili na mkoba mgongoni, bila kujua ninakwenda wapi. Kutojua hakukunisumbua. Tangu niache shule darasa la saba nimeishi hivyo: nimechuma maua Naivasha, nimebeba mabomba kwenye visima vya mvuke, nimelinda mageti ya watu, na kazi ikinichosha nilikuwa naondoka kwa miguu. Kilichonisumbua ni kwamba kutoka mlangoni hadi barabarani, mwendo ambao kuku wa jirani huumaliza akidonoadonoa, ulinichukua robo saa.

Miguu hii niliirefusha kwa kupenda mwenyewe. Pale mtaani hakuna aliyejua isipokuwa dada. Nilikuwa mlinzi ng'ambo, na kibandani kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma kwenye simu: jinsi nyuki wanavyopata malkia, jinsi treni inavyopanda mlima, na siku moja, jinsi mfupa mzima unavyoweza kukatwa na kuvutwa polepole hadi ujaze pengo wenyewe. Nilikuwa mfupi, ndiyo, na wenzangu waliniita Nusu. Lakini nikisema ni hilo jina tu lililonipeleka hospitali nitakuwa nimedanganya. Nilitaka kuona kama inawezekana.

Inawezekana. Madaktari wa huko walinikata mifupa ya miguu yote miwili chini ya magoti, wakanivisha vyuma vya duara, wakanipa spana ndogo. Kila siku nilikaza mwenyewe, milimita moja kwa siku, hadi zikatimia sentimita saba. Mfupa ulitii. Kano ya kisigino ilikataa. Ilibaki na urefu wake wa zamani, ikavuta visigino juu, na vyuma vilipotolewa nikarudi Nakuru natembea kwa vidole kama mtu anayechungulia juu ya ukuta.

Miezi saba kwa dada ilikuwa kitanda, kiti, kitanda. Asubuhi nilipitisha leso yake chini ya unyayo, nikashika ncha zote mbili na kuvuta, nikihesabu hadi thelathini, napumzika, navuta tena. Mara mbili kwa wiki nilikwenda kwa mama mmoja wa mazoezi hospitalini, ambaye alinisimamisha kwenye ubao wa mteremko huku akinipimia pengo chini ya kisigino kwa vidole vyake. Vidole vitatu. Mwezi uliofuata, vitatu. Kisha viwili na nusu.

"Hiyo nusu ni yako au ni ya huruma?" nilimuuliza.

"Kano haina haraka," alisema. "Wewe ndiye una haraka."

Nilikichukia kisigino kama mtu anavyomchukia ndugu aliyesomeshwa na ukoo mzima halafu akakataa kuja mazishini. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba urefu wenyewe haukuwa umeonwa na mtu. Nani angeuona? Kila aliyekuja alinikuta nimekaa.

Na walikuja wengi, kwa sababu ya neno moja la dada. Siku ya kwanza akina mama wa ushirika wa kanisa lake walipouliza nimepatwa na nini, alijibu, "Pikipiki." Sikumsahihisha. Basi wakaja na uji, na ndizi, na maombi. Halafu wakaja wapanda pikipiki wa steji yetu, wanaume sita wamevua helmeti, wakiwa na sukari na kuku. Waliogopa kwamba aliyenigonga ni mmoja wao. Mwenyekiti wao aliniomba msamaha kwa niaba ya wote, akanipa mkono. Nami niliushika. Yule kuku alinisumbua kumla kuliko dawa yoyote.

Ijumaa dada aliniletea chai, akakaa.

"Mchungaji amekupa dakika tano Jumapili, baada ya matangazo."

"Za nini?"

"Za ushuhuda. Mungu alikutoa chini ya pikipiki."

"Dada, hakukuwa na pikipiki."

"Kwani mimi sijui? Sasa unataka niwaambie nini? Kwamba wamekupikia uji miezi saba juu ya sentimita?"

"Tuwaambie ukweli."

"Waambie ukiwa kwako. Hapa kwangu utasimama na hayo magongo useme asante."

Hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka, na kila asubuhi alinibebea maji ya kuoga. Lakini nilielewa palepale: nisipoweza kukaa mahali peke yangu, nitaendelea kula kuku wa watu.

Kwa hiyo Jumamosi nilipanda gari la kwanza lililokuwa na kiti cha mbele wazi, mahali pa kunyoosha miguu. Lilikuwa la Dundori. Nimezunguka bonde hili lote na sikuwahi kupanda huko, labda kwa sababu ni karibu mno. Nilishuka kwenye baridi na ukungu, kando ya magunia ya viazi yaliyojazwa hadi kupita mdomo, nikageuka kutazama bondeni tulikotoka.

Kisigino cha kulia kikagusa chini. Kisha cha kushoto.

Nilisimama hapo bila kupumua. Miezi yote ile, na sasa unyayo mzima uko ardhini! Niliyaachia magongo yakaning'inia mikononi. Halafu nikageuka kuelekea madukani, juu, na visigino vikaning'inia kama zamani. Nikageuka tena bondeni: vikagusa. Ndipo nikaelewa. Ni mteremko tu. Nikitazama chini, mlima unainuka nyuma yangu hadi kwenye kisigino. Nikitazama juu, unanikimbia. Kano haikuwa imesogea hata uzi mmoja. Niliutukana ule mlima kwa lugha mbili.

Vyumba vya kulala nilielekezwa nyuma ya hoteli moja ya chakula. Mwenyewe, mama wa makamo mwenye sweta ya kiume, alikuwa kwenye kigoda akimenya viazi.

"Sasa mathe. Natafuta chumba."

Alitazama magongo. "Pole. Ni pikipiki?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Hapana. Nilikatwa na daktari. Nilitaka niwe mrefu."

Kisu kikasimama. "Ulikuwa mzima?"

"Mzima kabisa."

"Na mama yako yuko?"

"Alishafariki."

"Afadhali, hakuona." Akainua kiazi kimoja cha wastani. "Walikuongeza kiasi gani? Hivi?"

"Karibu hivyo."

Akacheka hadi akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Boss, kwa kiazi! Si ungevaa viatu!" Nilikasirika, na bado nilijisikia nafuu kuliko nilipokuwa nikiombewa.

Alipomaliza kucheka uso wake ukawa wa biashara. "Nisikilize. Choo kiko kule chini, mwisho wa shamba. Hapa hakuna mtu wa kushika mtu. Ukianguka kwangu, ni mimi nitaitwa na chifu. Nenda urudi nikuone. Ukishindwa, gari la mwisho la Nakuru bado lipo."

Kushuka kulikuwa rahisi, visigino chini, karibu nijisahau. Niliugusa mlango wa choo, nikageuka. Njia ya kupanda ilikuwa tope na mizizi. Nilitanguliza magongo, nikafuata kwa vidole, hatua kwa hatua, mashavu ya miguu yakivutika kama kamba ya kuanikia nguo. Mara mbili nilisimama. Mara moja gongo liliteleza, goti likafika kwenye tope. Nilitazama juu nikitumaini atakuja. Alikuwa anamenya, macho kwangu, hakuinuka. Niliinuka mwenyewe, kwa hasira tupu.

Nilipomfikia alikuwa amejaza sufuria.

"Umechelewa," alisema, "lakini umefika." Akatoa ufunguo mfukoni mwa sweta. "Cha pili kutoka mwisho. Maji ya moto ni jioni, unakuja kuchukua mwenyewe. Sipelekei mtu."

"Nitakuja."

Nikaingia, nikakaa kitandani na tope langu, na kwa muda mrefu sikuweza kuinama kuvua viatu.