Bibi Aliyeketi Kando ya Barabara

Katungu anauza mchele na maharage katika mtaa wa Kabondo, mbali na kwao. Televisheni ya dukani ni ya kuwatuliza wateja. Yeye hana muda na upuuzi. Wiki hii wanafuatilia kwenye DVD filamu ya vipindi vinne, iliyotokana na kitabu cha zamani, ambamo mashine kutoka angani zinawafukuza watu mjini. Jana wateja walicheka kuona Wazungu wakikimbia na magodoro kichwani. Katungu hakucheka. Kijiji chao, huko Kivu ya Kaskazini, kimekimbiwa vivyo hivyo kwa sababu ya vita. Kaka yake alipiga simu kusema wamepotezana na mama yao njiani, kisha kimya. Na mama yao ana magoti mabovu.

Leo, kwenye filamu, bibi mmoja aliketi kando ya barabara, watu wakampita.

“Timothée, rudisha nyuma,” Katungu alimwambia mumewe.

Timothée akarudisha. Akarudisha tena. Wateja wakaanza kunung'unika.

“Mama Exaucée,” Timothée alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, “ile iko filme tu. Ule bibi hatumujue.”

“Najua. Nataka nione kama kuna mutu anamuinua.”

Hakuna aliyemwinua. Kopo la kupimia mchele lilikuwa bado mkononi mwa Katungu, tupu.

“Rudisha,” alisema.